Daraja Nililolikata kwa Wembe

Mwezi uliopita, nikiwa kwenye benchi la kliniki nikisubiri kupimwa, mwanamke mmoja aliyefunga kilemba cha bluu alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, na wewe wakati wa dawa ulikuwa unawachukia watu?" Nikamjibu ndiyo. Nilitaka kuendelea, lakini jina lake likaitwa, akaingia ndani, na nilipotoka kupimwa sikumkuta tena. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyotaka kumwambia yeye, na mwingine yeyote aliyeanza safari hiyo.

Kuhusu nywele utaambiwa. Kuhusu kutapika, kucha kuwa nyeusi na mdomo kuwa na ladha ya msumari, utaambiwa pia. Mimi hakuna aliyeniambia kuhusu wivu.

Naitwa Skolastika, mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi hapa Kasulu. Mume wangu, ambaye wote tunamwita Baba Eliza, hununua maharage na mahindi huko Titye na kuyauza mjini. Binti yetu Eliza yuko chuoni, mbali. Na kabla ya ugonjwa nilikuwa na reli.

Reli yenyewe ilikuwa ndogo, ya kuchezea kama watu walivyosema, ingawa mimi sikuwahi kuiita hivyo. Ilianza siku nilipowaambia wanafunzi wa darasa la tano wachore treni, wakanichorea lori lenye matairi na honi. Kasulu hatuna reli, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuiona. Basi nikakata madebe ya mafuta ya kula vipande vyembamba virefu, nikapasua mianzi kutengeneza mataruma ya kulalia reli, nikatoa mota kwenye redio kaseti iliyokufa, nikaifunika kwa kopo la siagi. Nilipounganisha betri ya sola kwenye reli, kile kichwa cha treni kikatetemeka, kikasogea sentimita chache, kikaanguka. Sikulala vizuri kwa furaha.

Nilianza shuleni, lakini ilipokua nikaihamishia nyumbani, chumba cha nyuma ambako Baba Eliza alikuwa anaweka magunia. Miaka sita nilijenga. Mbao mbili za plaiwudi zikawa nchi nzima: Kigoma upande wa dirisha, halafu Luiche, Kazuramimba, Uvinza, na mlangoni kabisa daraja la Malagarasi. Baba Eliza alipita pale akitafuta gunia lake, akasema, "Hayo mambo yako ya reli," akatoka. Sikumlaumu. Nilipenda iwe yangu peke yangu.

Kazuramimba niliijenga na kuibomoa mara nyingi kuliko stesheni nyingine. Baba yetu, Data kama tulivyomwita kwa lugha ya nyumbani, alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akapata kazi katika genge la kutengeneza reli pale Kazuramimba. Mimi na mdogo wangu Dafroza tulizaliwa kwenye kambi ya genge. Nilipofika umri wa kuanza shule nilipelekwa Kitahana, Kibondo, kuishi na bibi mzaa mama. Dafroza akabaki na Data. Kila likizo niliporudi alikuwa na habari moja tu: jinsi Data alivyompandisha kiberenge, kile kigari cha wakaguzi wa reli, upepo ukampiga usoni mpaka machozi yakamtoka. Mimi sikupanda kiberenge hata siku moja. Nilikuwa mtu mzima mwenye cheti cha ualimu na bado jambo hilo liliniuma.

Uvimbe niliugundua nikioga, mwishoni mwa kiangazi, vumbi likiwa bado jekundu kwenye majani ya migomba. Kutoka Kasulu nilipelekwa Kigoma, kutoka Kigoma nikapelekwa Mwanza. Mvua za kwanza zilinikuta nimeshakatwa titi la kushoto. Daktari akaniambia kidonda kikipona zitafuata dripu sita za dawa ya saratani, moja kila baada ya wiki tatu. Baba Eliza akapiga simu Murungu, huko Kibondo, ambako Dafroza analima na kusuka vikapu tangu alipofiwa na mumewe. Dafroza hakuuliza maswali. Kesho yake alishuka stendi ya Kasulu na kapu moja la nguo na jingine la ndizi.

"Dada," akasema akiniangalia kifuani bila kuficha macho, "wamekupunguzia mzigo."

Nilicheka mpaka mshono ukaniuma. Nasema haya ili ujue kwamba nilimpenda. Wivu hauhitaji chuki ili uanze.

Dripu ya kwanza na ya pili alinipeleka yeye. Basi linatoka Kasulu alfajiri, linapita Kibondo na Kakonko, na unafika Mwanza ukiwa umechoka kabla hata hawajakugusa. Kwenye chumba cha kusubiri tulikaa mabenchi marefu ya mbao, mafaili mapajani. Humo ndani nilianza kuhesabu vitu vya watu. Yule ana nywele bado. Yule ameitwa kabla yangu. Yule anakula maandazi na hatapiki. Nesi mmoja alikuwa na misuko mirefu hadi mgongoni, na kila alipopita nilimwangalia kwa jicho baya.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja Mkongomani kutoka kambi ya Nyarugusu, jina lake Mama Furaha. Aliniona ninavyomkodolea yule nesi macho, akanigonga goti.

"Maman, miye pia," akasema. "Batu banakuya kutusalimia, siye tunaangalia tu bifua byabo. Iko vile. Usikuwe na haya."

Tulicheka wawili. Alinigawia limau la kulamba, na mpaka leo nakushauri, nenda na limau. Lakini sikumwelewa. Nilidhani wivu huo unaishia mlangoni mwa hospitali.

Baada ya dripu ya pili ncha za vidole zilianza kufa ganzi. Mwanzoni ilikuwa kama nimevaa glavu. Nilikwenda chumba cha nyuma kukaza skrubu ndogo ya mota, ikaniponyoka. Nikaiokota, ikaniponyoka tena. Sikujua kama nimeishika au sijaishika mpaka niiangalie kwa macho. Nilikaa sakafuni nikiitafuta ile skrubu, kichwa kitupu kimefungwa kitenge, mpaka Dafroza akaja kuniita chakula. Aliiona mara moja, akaichukua kwa vidole viwili, akaikaza.

"Hivi?" akauliza.

"Hivyo hivyo," nikasema. Ndani kitu kikanichoma.

Dripu ya tatu Baba Eliza alinipeleka mwenyewe, Dafroza akabaki kulinda nyumba. Ilikuwa Desemba, mvua inanyesha kama imetumwa. Tulipokuwa Mwanza bati la chumba cha nyuma liliinuliwa na upepo. Niliporudi, nikishikiliwa mkono, nilikuta reli yangu iko barazani vipande vipande. Plaiwudi zimevimba na kupinda. Reli za madebe zimeota kutu. Kazuramimba imelala kifudifudi juu ya ungo.

"Nani amekuruhusu kuigusa?" Hilo ndilo neno la kwanza nililomwambia mdogo wangu, ambaye nilikuja kusikia kwa jirani kwamba alipanda juu ya bati kwenye mvua ile akaliwekea mawe.

"Ingeoza, Dada."

"Hata ingeoza, ni yangu."

Baba Eliza alinitazama kana kwamba hanijui. Nikaingia ndani kulala. Siku tano za kwanza baada ya dripu mtu hana mwili, ana kichefuchefu tu, na mimi nikazitumia siku hizo kusikiliza. Nilisikia nyundo: Baba Eliza anarudishia bati. Nikasikia msumeno: anakata mbao mpya. Baba Eliza, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kunishikia hata uzi. Kisha nikasikia sauti ya Dafroza, halafu wote wawili wakicheka.

Usidhani kulikuwa na jambo baya kati yao. Sasa naweza kuapa. Wakati ule, nikiwa nimelala na kovu badala ya titi, ngozi ya mikono imekuwa nyeusi kama sufuria, nilipiga mahesabu yangu. Yeye ana miaka arobaini na mitano, mjane, mzima, ana nywele. Nikifa, nyumba haitabadilika sana. Watahamisha tu jina.

Alipoona nimepata nguvu kidogo, Dafroza alikuja kitandani na kipande cha waya.

"Dada, zile reli za bati zitashika kutu kila masika. Baba Eliza amepata waya wa shaba kwa fundi wa mota. Nataka kuuweka huo. Na gundi haifai, inaachia ikipata unyevu. Nitaushona kwenye mataruma."

"Utaushona?"

"Kwa uzi wa katani. Kama ninavyoshona ukingo wa kapu."

Nilitaka kusema haiwezekani. Nilitafuta sababu ya kisayansi nikaikosa. Waya ule ulipitisha umeme vizuri kuliko bati langu, na ile mishono yake, midogo, inayolingana, ilishika reli sawasawa hata mbao zilipotikiswa. Treni ambayo kwangu ilikuwa inasita na kuanguka ikawa inateleza. Dafroza alisoma mpaka darasa la saba, tena kwa shida. Mimi ndiye mwalimu wa sayansi.

Halafu akagusa Kazuramimba.

"Mlango wa stesheni haukuwa upande huu," akasema siku moja nimekaa kwenye kiti nikiwaangalia. "Ulikuwa unatazama mwembe wa mama muuza karanga. Na hapa palikuwa na tangi la maji. Umesahau?"

Sikusahau. Sikuwahi kujua. Vile nilivyojenga kwa miaka sita nilikuwa nakisia kutokana na likizo za wiki mbili mbili, na yeye alikuwa na yote kichwani. Akachonga tangi kwa kopo la dawa zangu, akaugeuza mlango. Ikafanana zaidi. Hata mimi niliitambua.

Siku ya Jumapili kwaya ya kanisani walikuja kuniombea. Walikuja wanawake kumi na zaidi, na kuku, na sabuni. Waliomba vizuri, mmoja akalia. Kisha mtu akasema amesikia kuna treni, na Dafroza akawaonyesha. Nilibaki sebuleni na kuku aliyefungwa miguu. Nikasikia treni ikilia kwenye reli, nikasikia vigelegele, halafu wakaimba wimbo mzima wakiifuatilia inavyozunguka.

"Dafroza, una mikono wewe!" wakasema wakitoka. "Mwalimu, umepata mdogo mtu kweli. Ugua pole."

Ugua pole. Mimi niliyeianzisha.

Dripu ya nne alinipeleka Dafroza tena. Njia nzima sikuongea naye isipokuwa kumwomba mfuko wa kutapikia, naye aliushika huku amenipa bega niegemee. Tuliporudi akaanza daraja la Malagarasi upya, maana langu la zamani lilikuwa limekwisha kabisa. Alilisuka. Alichukua mianzi myembamba akaifunga kwa uzi nguzo kwa nguzo, na lilipokamilika lilikaa kati ya meza mbili likiwa halina msaada wowote chini, na treni nzima yenye mabehewa matano ikapita juu yake bila kulitikisa. Baba Eliza alikuja mbio chumbani kwangu kama mtoto.

"Mama Eliza, inuka uone!"

Kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa hakuwahi kuniita nione nilichojenga mimi.

Nikamwambia kichwa kinaniuma.

Mchana uliofuata yeye alikuwa Titye, Dafroza alikuwa sokoni. Niliamka, nikachukua wembe kwenye kikapu cha kushonea, nikaenda chumba cha nyuma nikishika ukuta. Mwanga wa dirishani ulilipiga lile daraja, na kivuli chake kwenye sakafu kilikuwa kizuri. Nakumbuka nilisimama kidogo nikilitazama. Halafu nikakata. Nilikata uzi mmoja mmoja, nyuzi za chini ambazo haziko wazi, kisha nikasukuma katikati kwa kiganja. Likaanguka bila kelele nyingi. Nikarudisha wembe, nikalala, nikajifunika.

Dafroza alirudi, nikamsikia anaingia nyuma. Alipokuja chumbani nilikuwa nimeshaandaa maneno.

"Nilipata kizunguzungu," nikasema. "Nilikwenda kuangalia, nikaliegemea."

Alikuwa anaangalia shuka. Nikafuata macho yake. Shuka jeupe lilikuwa na damu, damu nyingi, na ilikuwa inatoka kwenye kidole gumba changu ambacho kilikuwa kimepasuka kutoka kucha hadi kiungo. Sikuwa nimesikia maumivu yoyote. Sikusikia hata wakati ule nikikiangalia.

Dafroza alileta maji ya moto yenye chumvi. Alikiosha kidole taratibu, akakifunga kwa kitambaa safi, akabadilisha shuka, akalifua lile lenye damu. Akasimama mlangoni na ndoo.

"Uzi ukikatika wenyewe unaacha manyoya," akasema. "Ule umekatwa."

Asubuhi alikuwa ameondoka. Aliacha uji kwenye chupa, dawa zangu zimepangwa mstari mmoja, na Baba Eliza ambaye aliniuliza mara moja tu: "Umemfanya nini?" Nikamwambia maharage ya Murungu yameiva, ameenda kuvuna. Ilikuwa kweli, maharage yalikuwa yameiva, na nikajificha nyuma ya maharage hayo wiki mbili.

Kidole kikavimba. Kwa sababu hakikuniuma sikukijali, na hilo nakuomba ulishike: ukishakufa ganzi, kagua mikono na miguu yako kwa macho kila siku, maana haitakuambia. Nilipokwenda kwa dripu ya tano, Baba Eliza akiwa pembeni, basi lilisimama stendi ya Kibondo dakika kumi. Nilikuwa nimemtumia Dafroza ujumbe wa saa tutakayopita. Nilifuta kioo kwa kitenge nikaangalia kila mwanamke mwenye kapu. Hakuja.

Mwanza walipima damu, wakakifungua kidole. Daktari kijana aliyenihudumia siku zote kwa upole akakunja uso.

"Mama, hatuwezi kukupa dawa. Kinga yako iko chini na hapa pana usaha. Ungechelewa siku chache zaidi, tungezungumza mengine. Meza dawa hizi, rudi baada ya wiki mbili."

"Niliumia jikoni," nikasema.

Nilipotoka nikakaa kwenye lile benchi letu. Mama Furaha hakuwepo. Nikamuulizia kwa mwanamke mwingine wa Nyarugusu, akaangalia chini, akasema, "Mama Furaha alitutoka, tangu juma lile lingine." Baba Eliza alikuwa anatafuta maji ya kunywa. Aliponikuta nalia alidhani ni kwa ajili ya dripu, na pale pale, mbele ya watu na mafaili yao, nikamwambia yote. Wembe. Daraja. Na kwamba nilikuwa nimeshamwoza Dafroza kwake kichwani mwangu.

Alikaa pembeni yangu. Kisha akasema, "Unajua kwa nini nilikuwa nashika zile mbao? Nilikuwa sijui la kufanya. Ukitapika, siwezi kutapika badala yako. Dafroza alinipa kazi."

Wakati wa kurudi tulishuka Kibondo, tukachukua bajaji hadi Murungu. Njia ilikuwa tope tupu. Dafroza alikuwa uani anapiga maharage kwa fimbo, maganda yanaruka. Alituona, akaendelea kupiga. Baba Eliza akabaki na dereva barabarani.

"Umekuja na basi?" Dafroza akauliza bila kuinua kichwa.

"Ego," nikaitikia ndiyo kwa lugha ya nyumbani.

"Umetapika?"

"Mara mbili."

Akaenda ndani akaleta kigoda. Nikakaa. Akarudi kwenye fimbo yake.

"Nililikata, Dafroza. Nililikata kwa wembe nikakudanganya."

"Najua."

"Nilikuonea wivu. Mikono yako. Nywele zako. Mume wangu anavyocheka ukiwepo. Tangu utotoni nakuonea wivu, kwa sababu ya kile kiberenge cha Data."

Fimbo ikasimama.

"Kiberenge?"

"Ulipanda wewe. Mimi sikupandishwa."

Akacheka, kicheko kisicho na furaha.

"Dada, unajua nilipanda siku gani? Siku ulipoondoka kwenda shule. Uliingia kwenye treni na sketi ya bluu na viatu, viatu, Dada, mimi nimesimama pale na miguu yangu. Nililia mpaka nikatapika. Data alishindwa kuninyamazisha, akamwomba bosi wake, wakanipandisha kiberenge. Kila likizo ukija nilikuwa nakusimulia hicho kiberenge kwa sababu wewe ulikuwa unasoma vitabu mbele yangu. Sikuwa na kingine cha kukuonyesha."

Kuku walikuja kudonoa maharage, hakuna aliyewafukuza. Nilitaka aseme amenisamehe. Hakusema. Alikishika kidole changu akakigeuza huku na huku, akanusa bandeji.

"Wamekisafisha vizuri," akasema. "Mimi bado nina hasira na wewe. Sitarudi kwa ajili yako. Lakini ile reli nimeiacha na shimo katikati, na inaniudhi nikilala. Nikimaliza maharage nitakuja."

Alikuja baada ya siku nne. Dripu ya tano tulikwenda naye, na ya sita. Hasira yake iliisha polepole; siku nyingine alinipa uji bila kunitazama, siku nyingine alinisugua miguu bila kuombwa. Alinikalisha mezani akanipa kazi ambazo vidole vyangu viliziweza: kupasua mianzi minene, kupiga jicho kuona kama meza iko sawa, kumsomea maandishi kwenye betri. Daraja tulilisuka upya. Yeye alisuka, mimi nikashikilia. Kwaya walipokuja tena nikaenda nao nyuma, nikasimama karibu na mlango, na waliposema Dafroza ana mikono, ikanichoma kama zamani. Sikuchukua wembe. Niliondoka nikaenda jikoni nikapuliza moto wa chai, nikarudi. Kama una wivu, mwambie mtu mmoja mapema. Mimi nilichelewa, nikalipa kwa kidole ambacho mpaka leo hakikunjiki vizuri.

Kiangazi kilipoingia nywele zilianza kurudi, laini na zenye mawimbi kama za mtoto mchanga. Ganzi ikapungua mikononi, miguuni bado ipo. Dafroza akarudi kwake. Majuzi nikasikia kwa watu wa Kibondo kwamba amejenga reli yake mwenyewe, nikapanda basi kwenda kuiona.

Iko sebuleni kwake, juu ya vichanja vya mianzi, haina hata ubao mmoja. Kona inayoingia upande wa mlango imepindwa kwa namna ambayo sijawahi kuiona, reli ya nje iko juu kidogo kuliko ya ndani, na treni inaipita kwa mwendo kasi bila kuacha njia. Kwangu ningelazimika kuipunguza mwendo. Nilipiga magoti nikaiangalia kwa karibu, moyo ukinichoma, nikitafuta kosa.

"Umefanyaje hapa?" nikauliza.

"Sikuambii," akasema Dafroza, akaniwekea ugali.

Nilirudi Kasulu nimekasirika. Asubuhi niling'oa kona yote ya Luiche, waya, mataruma na nyuzi zake, nikavimwaga kwenye beseni. Baba Eliza akapita akitafuta gunia, akasimama.

"Sasa hii itachukua muda gani?"

"Miezi sita," nikasema. "Labda saba, kwa vidole hivi."

Alinitazama. Muda mrefu hakuwa amenisikia nikihesabu miezi kwa kitu kingine isipokuwa dripu. Akaliweka gunia chini.

"Basi niambie," akasema, "waya nilete wa unene gani?"